Bei Inapopanda Baada ya Zabuni: Somo kwa Kamati za Parokia



Katika toleo hili somo letu linahusu sentensi chache zilizo katikati ya hati ya zabuni, mahali ambapo wasomaji wengi huwa wamekwisha kuchoka. Ni zile zinazoeleza kama bei ya mkataba inaweza kubadilika kazi ikiendelea, na kama inaweza, itabadilika kwa kipimo gani na kuanzia lini. Kwa kifupi tutaziita kifungu cha marekebisho ya bei.

Wanakamati wetu hukutana na kifungu hiki katika nafasi mbalimbali. Wapo walio wajumbe wa bodi za shule za umma, na bodi hizo hutangaza zabuni za chakula, samani na ujenzi. Wapo walio katika vikundi vya akina mama, vijana au watu wenye ulemavu, ambavyo huomba zabuni zile zilizotengewa makundi hayo, yaani asilimia 30 ya manunuzi ya serikali nchini Kenya chini ya mpango wa AGPO. Na parokia yenyewe, inapojenga zahanati au madarasa kwa fedha za wafadhili, hutia sahihi mikataba inayofanana sana na ile ya serikali. Mfano wetu utakuwa Kenya, kwa kuwa sheria yake imeandika jambo hili kwa namba zinazoeleweka.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kifungu cha 139, inaweka mipaka ambayo kila mwenye kuomba zabuni anapaswa kuifahamu kabla hajaandika bei yake. Kwanza, bei ya mkataba haiwezi kuongezwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya kutia sahihi. Tafadhali angalieni neno hilo: haiwezi kuongezwa. Sheria haikukataza bei kushuka.

Pili, baada ya miezi hiyo 12, ongezeko la bei lifuate kipimo cha bei za bidhaa za walaji kinachotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), au kiwango cha mfumuko wa bei cha kila mwezi kinachotolewa na Benki Kuu. Mwanakandarasi haruhusiwi kuleta risiti za duka na kusema, "Saruji imepanda, nilipeni." Tatu, mabadiliko yote ya mkataba yakijumlishwa, ya bei pamoja na ya kiasi cha kazi, yasizidishe bei ya awali kwa zaidi ya asilimia 25. Yakizidi hapo, sehemu iliyozidi itangaziwe zabuni yake. Na hakuna badiliko lolote lenye nguvu bila idhini ya maandishi kutoka kwa wenye mamlaka katika taasisi inayonunua.

Sababu za ukali huu zinaeleweka. Kulikuwa na tabia ya kuomba zabuni kwa bei ya chini sana ili kushinda, kisha kurudi baada ya miezi michache na barua ya "gharama zimepanda". Aliyeandika bei ya haki tangu mwanzo alikuwa amekwisha kushindwa na kwenda zake. Sisi tunaona kwamba lengo la sheria ni jema. Hata hivyo ina matokeo mawili ambayo hayazungumzwi vya kutosha: mwaka wa kwanza wote unabebwa na muuzaji peke yake, na kipimo kilichochaguliwa kinapima kitu kingine kabisa.

Kapu la nyumbani na tangi la trekta

Tuanze na hilo la pili, maana ndilo chanzo cha ugomvi mwingi. Kipimo cha bei za walaji hutayarishwa kwa kufuata kapu la familia: unga, mboga, kodi ya nyumba, nauli, karo, mavazi. Ni kipimo kizuri kwa kazi yake. Mwanakandarasi wa barabara naye hununua dizeli, lami, kokoto na nguvu za vibarua. Dizeli haimo katika kapu la mama wa nyumbani kwa uzito ilio nao katika tingatinga.

Tutazame namba zilizotangazwa hadharani. Katikati ya Septemba 2022 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei ya juu ya dizeli Nairobi kuwa shilingi 165.00 kwa lita. Septemba 2023 ilikuwa shilingi 200.99, baada ya kodi ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai mwaka huo, huku bei za dunia na kushuka kwa shilingi vikiongeza mzigo. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 22. Katika mwezi huohuo wa Septemba 2023, mfumuko wa bei uliotangazwa na KNBS ulikuwa asilimia 6.8.

Tuseme mwanakandarasi ana hati ya malipo ya shilingi milioni 10 kwa kazi ya mwezi huo, na mkataba wake umepita miezi 12. Kwa kipimo cha walaji angeongezewa shilingi 680,000. Sasa tukokotoe kwa njia nyingine, ile inayotumiwa katika mikataba mikubwa ya kimataifa, ambapo bei hugawanywa katika mafungu. Tuseme asilimia 15 haibadiliki kamwe, asilimia 25 ni vibarua, asilimia 30 ni vifaa na asilimia 30 ni dizeli. Tuchukulie kwamba vibarua na vifaa vilipanda kwa asilimia 6.8 na dizeli ikapanda kwa asilimia 22 hivi. Fungu la dizeli peke yake linaongeza takriban shilingi 654,000, na jumla ya ongezeko inafika karibu shilingi 1,028,000. Tofauti ni shilingi 348,000 kwa hati moja. Kampuni kubwa itavumilia. Kampuni ndogo ya kaunti yenye malori mawili inaweza kusimamisha kazi, na barabara ikabaki na mitaro wazi msimu wa mvua.

Je, mwanakandarasi ndiye anayeumia daima? La. Tusonge mbele mwaka mmoja. Septemba 2024 dizeli Nairobi ilikuwa shilingi 171.60, yaani ilishuka kwa karibu asilimia 15 kutoka mwaka uliotangulia. Mfumuko wa bei mwezi huo ulikuwa asilimia 3.6. Kipimo cha walaji kingempa mwanakandarasi yuleyule nyongeza ya shilingi 360,000 juu ya milioni 10, wakati gharama yake kubwa imepungua. Hesabu ya mafungu ingekata kama shilingi 241,000. Hapo aliyepoteza ni mlipa kodi, na tofauti ya njia hizi mbili ni zaidi ya shilingi 600,000.

Ndiyo maana tunaziambia kamati zisikubali mabishano ya "mwanakandarasi anataka kutuibia" au "serikali inanyanyasa wenyeji" kabla ya kuuliza swali la kwanza: kipimo kilichoandikwa kinapima nini?

Wamarekani walibishana miaka zaidi ya kumi

Swali hilo halikuanzia Kenya. Mfano unaofundisha zaidi tunaoufahamu unatoka Marekani, katika ununuzi wa mafuta ya ndege na magari ya jeshi.

Katika miaka ya 1980 na 1990 kituo cha serikali kilichohusika na ununuzi huo kilikuwa kikiingia mikataba na viwanda vya kusafisha mafuta. Kwa kuwa bei ya mafuta haitulii, mikataba ilikuwa na kifungu cha marekebisho: bei ingepanda na kushuka kufuatana na wastani wa bei za soko uliochapishwa kila mwezi na wizara ya nishati. Viwanda vilisoma, vikaomba zabuni, vikatia sahihi na kupeleka mafuta.

Baadaye baadhi ya viwanda viliona kwamba wastani ule wa soko haukwenda sambamba na thamani ya mafuta yao wenyewe, na kwamba vimelipwa chini ya haki. Vilikwenda mahakamani vikitoa hoja ya kisheria: kanuni za ununuzi za serikali ziliruhusu marekebisho yanayofuata "bei zilizothibitishwa", na maneno hayo, walidai, yana maana ya bei za muuzaji mwenyewe, si wastani wa soko zima. Mwaka 1992, katika kesi ya MAPCO Alaska, mahakama inayosikiliza madai dhidi ya serikali ilikubaliana na hoja hiyo. Mlango ukafunguka na viwanda vingine vikafuata. Majaji wa ngazi hiyo hawakuwa na msimamo mmoja. Hatimaye mwaka 2005, katika kesi ya Tesoro Hawaii, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba kanuni haikuwafunga watu kwenye bei za muuzaji peke yake, na kwamba kipimo cha soko kilikuwa halali. Viwanda vikakosa msingi wa dai lao.

Tukumbuke kwamba mafuta yenyewe yalikuwa yamekwisha kuungua miaka mingi kabla. Kilichobaki kugombewa kilikuwa maana ya maneno mawili, kwa gharama ya mawakili wa pande zote. Kila upande ulikuwa na nafasi ya kuuliza maana hiyo kabla ya kutia sahihi.

Bei ya chini inaweza isiwe nafuu

Katika mikataba inayogharimiwa na Benki ya Dunia na mashirika ya namna hiyo, taratibu ni tofauti na za sheria ya ndani, na mara nyingi mkataba wa ufadhili ndio unaotangulia. Kwa muda mrefu utaratibu wa benki hiyo umekuwa kwamba kazi zitakazozidi miezi 18 ziwe na kifungu cha marekebisho, na hesabu yake ni ile ya mafungu tuliyoieleza. Kwa hiyo barabara mbili katika kaunti moja, moja ya fedha za kaunti na nyingine ya mkopo wa nje, zinaweza kuwa na kanuni mbili za bei. Kamati inayolinganisha gharama zake bila kujua hilo itapotea.

Hesabu ya mafungu nayo ina mitego yake. Wakati wa kutathmini zabuni, marekebisho ya baadaye hayahesabiwi. Wanaangalia bei iliyoandikwa leo. Tuseme mzabuni wa kwanza ameandika shilingi milioni 100, na katika jedwali la mafungu ameruhusiwa kuweka dizeli asilimia 50. Wa pili ameandika milioni 101, dizeli asilimia 20. Wa kwanza anashinda kwa tofauti ya milioni moja. Dizeli ikipanda kwa asilimia 22 kama ilivyotokea mwaka 2023, na mengine yakitulia, wa kwanza atalipwa takriban milioni 111 na wa pili angelipwa milioni 105 na ushei. Walioshindwa wakija kulalamika kwamba zabuni haikuwa ya haki, hawatakuwa wanatoa maneno ya wivu. Taasisi inayonunua ingejiepusha na hayo kwa kupanga mafungu yenyewe ndani ya hati, au angalau kuweka kiwango cha chini na cha juu kwa kila fungu.

Tarehe ya kuanzia nayo ina uzito wake. Katika mikataba mingi ya kimataifa bei hulinganishwa na kipimo cha siku 28 kabla ya mwisho wa kupokea zabuni. Kati ya siku hiyo na siku ya kutia sahihi inaweza kupita miezi sita, hasa palipo na rufaa. Nchini Kenya ile miezi 12 huanza kuhesabiwa tangu kutia sahihi. Aliyeandika bei mwezi Januari na kutia sahihi Agosti atakaa na bei ya Januari hadi Agosti ya mwaka unaofuata. Ni miezi 19, si 12. Tumeona watu wazima waliosoma wakishangaa waonyeshwapo hesabu hiyo.

Lini kulalamika

Hapa tunaomba msome taratibu.

Mwenye kuomba zabuni akiona kifungu cha bei hakieleweki au hakina haki, hatua ya kwanza ni kuuliza kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho ya kupokea zabuni. Jibu likibadilisha hati, wazabuni wote wanapaswa kupelekewa. Swali zuri ni fupi: "Kifungu fulani kinasema bei itarekebishwa kwa kipimo kinachofaa. Ni kipimo kipi, kinachotolewa na nani, na mwezi wa kuanzia ni upi?"

Asiporidhika, anaweza kupeleka malalamiko kwa bodi ya kukagua zabuni za umma, PPARB, ndani ya siku 14 tangu kosa analolilalamikia kutokea au tangu kujulishwa matokeo ya zabuni. Bodi inatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi ana siku nyingine 14 za kwenda Mahakama Kuu. Anayenyamaza juu ya kifungu kibaya cha hati, akasubiri aone kama atashinda, halafu akalalamika baada ya kushindwa, anaweza kuambiwa kwamba siku zake zilikwisha zamani.

Mkataba ukishatiwa sahihi kwa kufuata sheria, bodi haina tena uwezo wa kusikiliza malalamiko hayo. Ugomvi wa bei baada ya hapo unakwenda kwa njia iliyoandikwa ndani ya mkataba wenyewe, iwe ni msuluhishi, baraza la usuluhishi au mahakama, na njia hizo ni ndefu na ghali kwa kikundi kidogo.

Jambo lisilofaa kabisa ni kuingiza sharti lako mwenyewe ndani ya zabuni. Hati ikisema bei ni ya kudumu, nawe ukaandika pembeni "bei itabadilika kulingana na soko", zabuni yako itahesabiwa kuwa haikutimiza masharti na itawekwa kando, hata kama ndiyo ya chini kuliko zote. Vikundi kadhaa tulivyozungumza navyo vilidhani sentensi hiyo ni kinga.

Kikundi cha akina mama na magunia ya maharagwe

Kwa walio wengi kati ya wasomaji wetu, barabara ni jambo la mbali, lakini maharagwe ni ya kila siku. Tuchukue mfano tuliouunda kwa ajili ya semina. Kikundi cha akina mama kimepata zabuni ya kupeleka maharagwe katika shule ya bweni kwa mwaka mmoja, magunia 40 kila muhula, kwa shilingi 10,200 kwa gunia. Sokoni gunia ni shilingi 9,000, usafiri ni 500, faida ni 700. Muhula wa kwanza wanapata shilingi 28,000 na kila mmoja anafurahi.

Muhula wa pili mvua zimekosekana na gunia limefika 12,000. Sasa kila gunia linawapotezea shilingi 2,300. Bei ikibaki hapo mihula miwili, magunia 80, hasara ni shilingi 184,000, na baada ya kutoa faida ya mwanzo kikundi kimebaki na shimo la 156,000. Mwalimu mkuu anawahurumia lakini mikono yake imefungwa: mkataba haujafikisha miezi 12. Wakiacha kupeleka, wamevunja mkataba na wanaweza kuzuiwa zabuni za baadaye. Wakiendelea, wanamaliza akiba ya wanachama.

Mambo kama haya si ya kubuni tu. Katikati ya mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilivuka shilingi 200 nchini Kenya, hata serikali ikaingilia kwa muda mwezi Julai kwa kuweka bei ya shilingi 100. Aliyekuwa na mkataba wa mwaka wa kupeleka unga shuleni kwa bei ya mwanzo wa mwaka anaijua habari hii kuliko sisi.

Kikundi kile kingefanya nini? Ushauri wetu wa kwanza ni kwa bodi ya shule. Kwa chakula chenye bei inayoyumba, zabuni ya mwaka mzima kwa bei moja haimfaidi yeyote. Muuzaji mwerevu ataongeza hofu yake ndani ya bei, na muuzaji asiye mwerevu atafilisika Juni na kuwaacha wanafunzi bila chakula. Sheria inaruhusu mikataba ya mfumo, ambapo wauzaji kadhaa hukubaliwa kwa kipindi fulani na kushindanishwa kila mahitaji yanapotokea. Kushindanisha kila muhula kunaongeza karatasi ofisini. Tunaona ni afadhali karatasi.

Kwa kikundi chenyewe, bei iandikwe kwa kutazama mwezi mgumu kuliko yote, si mwezi wa kuandika. Mtunza hazina achukue bei za soko la karibu za miaka mitatu, mwezi kwa mwezi, na kuona gunia limewahi kufika wapi kabla ya mavuno. Kama ghala lipo na mtaji upo, nusu ya mahitaji ya mwaka inunuliwe baada ya mavuno. Na kama bei ya haki itawafanya washindwe, washindwe. Tunajua ni vigumu kuliambia hilo kundi lililokesha likijaza fomu.

Tuongeze kidogo hapa: hasara nyingi zinazoitwa za "bei kupanda" ni za malipo kuchelewa. Kikundi kimenunua kwa mkopo wenye riba, taasisi imelipa baada ya miezi saba, riba imekula faida. Hilo ni kosa la aina nyingine na sheria ya 2015, kifungu cha 140, inazungumzia riba kwa malipo yaliyochelewa. Msiyachanganye katika barua moja ya malalamiko, maana mtajibiwa la bei na kusahauliwa la ucheleweshaji.

Mikataba ya parokia na fedha za wafadhili

Parokia inapojenga kwa fedha zake au za wafadhili haibanwi na kifungu cha 139. Ina uhuru wa kuandika masharti yake, na uhuru huo mara nyingi hutumika vibaya kwa kutoandika chochote. Mkataba unasema "bei ni shilingi milioni 8" na kunyamaza. Nondo zikipanda, fundi anakuja kwa paroko, paroko anaita mwenyekiti, na jambo linaamuliwa kwa huruma au kwa hasira.

Kwa jengo la miezi minane au tisa tunapendekeza bei ya kudumu, iandikwe wazi kwamba ni ya kudumu, na kamati inunue saruji na nondo mapema ikiwezekana. Kwa kazi ya zaidi ya mwaka, chagueni vitu viwili au vitatu vinavyobeba gharama, kwa mfano nondo, saruji na mabati. Andikeni bei ya kila kimoja katika maduka matatu yaliyotajwa, tarehe ya kuandika, na kiasi ambacho bei ikikipita, juu au chini, malipo yatarekebishwa. Neno "au chini" lisisahauliwe. Mafundi wengi hawalipendi na kamati nyingi huona aibu kulitaja.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi linalohusu fedha za kigeni. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilibadilishwa kwa shilingi kama 113 za Kenya. Januari 2024 ilifika karibu 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi kwenye 130 hivi. Mradi ulioandikiwa bajeti ya dola mwaka 2022 ulipata shilingi nyingi zaidi baadaye, na katika kipindi hichohicho vifaa vinavyoagizwa nje vilipanda kwa sababu ileile. Kuna kamati zilizoomba nyongeza kwa ajili ya vifaa bila kutaja faida ya ubadilishaji, na kuna wafadhili walioidai faida hiyo bila kusikia habari za nondo. Mambo haya mawili yaletwe katika taarifa moja ya robo mwaka, kwenye ukurasa mmoja: shilingi zilizopatikana zaidi ya bajeti, shilingi zilizoliwa na bei, na tofauti yake.

Tunaomba pia fungu la dharura la bajeti liwe na mwenye mamlaka juu yake aliyetajwa kwa cheo, na siku za kujibu. Fundi akiwasilisha hesabu ya marekebisho inayofuata mkataba, kamati iwe na siku saba za kuihakiki kwa bei za maduka yale matatu, na ofisi yetu siku saba nyingine. Kiasi kikizidi asilimia 10 ya mkataba ndipo barua iende kwa mfadhili ng'ambo, nayo iende na nakala ya kifungu chenyewe, orodha ya bei za tarehe zote mbili, na sahihi za wanakamati waliokwenda dukani. Fomu ya kazi hiyo inapatikana kwa mratibu wa miradi wa kila jimbo, na kamati zenye mikataba inayoendelea ziijaze kwa bei za mwezi huu, hata kama hakuna fundi aliyelalamika bado.